Watoto wa Uwanja wa Mbali

Mama Gertrude hana mtu wa kula naye hapa Bunia, lakini kazini kwake watu wamejaa mpaka wanakanyagana. Wote wamo ndani ya kompyuta. Wanatembea katika mji mmoja wa kale huko Ulaya, kando ya bahari, ambao watalii wameuvamia hadi wenyeji hawapati pa kupita. Kampuni moja imeweka kamera juu ya mapaa. Uwanja wa katikati ya mji ukijaa, simu za wageni zinapata ujumbe: piteni njia nyingine. Ila mashine haimjui mtu mpaka ifundishwe, na walimu wake ndio sisi, chumba kimoja cha Bunia, pikipiki zikitupigia kelele chini ya dirisha. Kila mtu aliye kwenye picha tunamzungushia kisanduku.

Mama Gertrude huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Vita vilimtoa kijijini kwao Djugu pamoja na binti yake, Jemima. Jemima aliendelea na mumewe hadi Kisangani, mtoto wao Aimé akiwa mgongoni. Mama alibaki, eti atawafuata njia ikitulia. Miaka inakwenda, njia haijatulia. Jumapili anaichukia, maana hatufanyi kazi. Hofu yake ni moja tu, kupoteza kile kiti chake. Huko nyumbani angeangalia nani?

Wiki iliyopita Nathanaël, mkubwa wetu, aliingia uso umekunjamana. Mashine ilikuwa imetangaza uwanja umejaa huku nafasi ipo tele, na wageni wakarudishwa bure. Kosa lilifuatwa likafika kwenye picha za Mama Gertrude.

"Mama, juu ya nini unahesabu mutu moja mara mbili?"

"Si moja!" Mama alishangaa kweli. "Angalia muzuri. Ni mama na mutoto yake mugongoni. Na ule pale. Hawa bazungu banabeba batoto sana, hata babaume."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Picha zinapigwa kutoka juu, watu ni wadogo kama punje za maharagwe, lakini hata hivyo!

"Ile ni masaki, mifuko ya mugongoni, Mama," Nathanaël alisema polepole. "Bageni banaweka nguo na mayi ya kunywa ndani."

"Yote?"

"Yote."

Nathanaël si mtu mbaya. Alimwachia kiti, kwa sharti arudie picha zote na kuondoa visanduku vya ziada. Nilimwambia ashukuru Mungu, kazi imepona. Alifungua picha ya kwanza, akaanza kufuta. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba alikuwa akifurahi kila asubuhi kuona mahali ambapo akina mama wanatembea na watoto mgongoni bila kukimbia kitu. Niliona aibu kwa kicheko changu.

Saa ya chakula siku ile ile alimpigia Jemima. Simu yake mbovu hutoa sauti nje, kwa hiyo tulisikia wote.

"Jemima, mutoto iko mugongoni?"

"Mutoto gani, mama?"

"Aimé."

Jemima alicheka, kicheko cha mtu mwenye nyumba iliyojaa. "Mama! Aimé iko ku masomo. Sasa ananifika ku bega."

"Ni muzuri," alisema Mama Gertrude. "Usalimie bote."

Akakata simu, akavuta kiti karibu na meza, akaendelea kufuta watoto waliobaki.