Tulivyokwenda Mitaboni Kujifunza Kuutuliza Mto

Mto Umba wa huku kwetu pwani ulipoingia mashambani mwetu mara ya tatu, haukuondoka na mpunga peke yake. Ulipita vyooni, ukamwagika kisimani, na kwa wiki mbili watoto wa kijiji, mwanangu Rehema akiwamo, waliumwa matumbo. Maji yalipopungua, kikundi chetu cha kina mama kilikutana na kukata shauri: kila mwenye shamba aache ukanda wa hatua kumi na tano kando ya mto bila kuulima, tupande matete na nyasi za kushika udongo. Wote walikubali isipokuwa shemeji yangu Bakari, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Na shamba lake ndilo lililoko penye kona, pale mto unapovunjia ukingo. Alisema mafuriko ni majaaliwa, na kwamba ukanda ule ndio unaompa mpunga mzuri kuliko sehemu nyingine zote.

Afisa wa kilimo wa wadi yetu aliwahi kufanya kazi Machakos. Alituambia kwamba karibu na soko la Mitaboni kuna watu waliogombana na mto wao miaka mingi, kisha wakapatana nao. Akatutafutia mwenyeji. Kikundi kilinichagua mimi niende, nami nikasema siendi bila shemeji. Watu walicheka. Bakari aliinama akachana ukuti, maana kazi yake nyingine ni kusuka uzio wa kutegea samaki mikokoni, kisha akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa hajawahi kupanda treni.

Jumamosi asubuhi tulikuwa stesheni Mombasa tukiwa na kapu la halua na nazi sita. Treni ya vituo vya njiani iliondoka kwa wakati, na shemeji hakutoka dirishani mpaka Voi. Baada ya Emali nchi ilitandaa, nyasi za kahawia na ng'ombe wachache, na tulipopita Konza aliniuliza watu wa huku wanakunywa nini.

Saa nane kasoro tulishuka Athi River. Mwenyeji wetu, Nduku, alikuwa akitungoja na mumewe Kioko kwenye pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe. Nduku ni mkulima wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kanisani. Alitukumbatia kama tuliopotezana. Tukapita vilima vya Lukenya, tukapita mjini Machakos, halafu barabara ikaanza kupanda na kushuka kati ya milima iliyokatwa ngazi ngazi, kutoka kileleni hadi bondeni. Shemeji aliuliza ni nani aliyechonga mlima. Kioko akamjibu kwamba ni nyanya zao kwa majembe, na wao wanaendeleza.

Tulipofika nyumbani kwao meza ilikuwa tayari: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na mboga za kunde. Nduku alimgeukia shemeji kwa haya.

"Baba, kuku iko hapo nje, lakini hatujachinja. Tulisema uchinje mwenyewe, ndio mkule bila wasiwasi."

Shemeji alikuwa amejifunga mkanda tangu Mombasa kwamba atakula mkate na ndizi tu. Alitoka nje na kisu, na aliporudi uso wake ulikuwa umefunguka.

Jumapili, wenyeji wetu walipotoka kanisani, walitupeleka mtoni. Nilitarajia maji. Nikaona mchanga mkavu, mweupe, mpana kama barabara, na ukuta wa mawe uliokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Nduku akatueleza. Zamani mvua ikinyesha mto ulishuka mara moja, ukala mashamba ya bondeni, na baada ya siku tatu ukawa mkavu. Walipojenga ukuta, mchanga ulijaa nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii wala ng'ombe hawayachafui. Pembeni pana kisima chenye pampu ya mkono. Alisukuma mara tano, akakinga kikombe, akampa shemeji. Shemeji alikunywa, akaomba kingine.

Nilidhani siri ni ukuta. Nduku alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kule mlimani. Ukuta wa kwanza, alisema, uliwashinda. Mlima ulikuwa uchi, kwa hiyo badala ya mchanga mto ulileta tope, na nyuma ya ukuta likajaa tope lisilotoa hata ndoo moja. Ilibidi wapande juu, wakate ngazi kuanzia shamba la kwanza kabisa, wakiteremka moja moja. "Hii mto ukitaka kuitengeneza," alisema, "anzia pale unaona imetoka. Huku chini ni kupokea tu."

Jumatatu asubuhi ilikuwa zamu ya mwethya, ndivyo wanavyoita kikundi chao cha kusaidiana. Watu kama ishirini, wengi wao wanawake, walikuwa kwenye mteremko wa mjane mmoja, wakichimba mtaro wa kukinga maji ya mlima kabla ya mvua za vuli kukolea. Wanaimba, mmoja anaanza na majembe yanaitikia. Mimi nilipewa sepetu. Shemeji alipewa kiti. Alikaa dakika chache, kisha akasimama kuuliza lililomkera: kwa nini wanachimba udongo na kuutupa upande wa juu, na chini ni rahisi?

Nduku aliegemea jembe lake. "Ukitupa juu, inakuwa tuta, inakaa. Ukitupa chini, mvua inabeba inapeleka Athi, na Athi inaleta kwenu pwani, Malindi. Si mmeona bahari yenu ikikuwa nyekundu? Hiyo ni shamba ya mama yangu."

Wote wakacheka, na shemeji naye. Bahari ile nyekundu tumeiona sote. Hatukuwahi kuuliza ni shamba la nani.

Saa nane mchana mawingu yalishuka ghafla na mvua ikapiga. Tulikimbilia chini ya bati la zizi, na kutoka pale nikaona mitaro ikijaa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukishika maji yake kimya. Kisha mwanamke mmoja akanyoosha kidole. Juu kabisa, maji ya barabara ya murami, isiyo na lami, yalikuwa yameacha njia yake na kuingia mtaro wa kwanza, na tuta, ambalo nyasi zake hazijashika mizizi, lilikuwa limeanza kumeguka. Chini yake palikuwa na matuta mengine saba, na chini ya hayo, kisima cha pampu. Likivunjika la kwanza, yangefuata yote, na tope lingezika maji ya kijiji kizima.

Watu walitoka mvuani na majembe. Walikuwa wakitupa udongo kwenye ufa, na maji yakiuchukua kabla haujatua. Nilimtafuta shemeji nikamwona ameshavua viatu, ameingia mtaroni hadi mapajani.

"Acheni udongo," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya mikokoni, haina wasiwasi. "Nileteeni fito. Na panga."

Kioko alikata matawi ya mkaratusi. Shemeji alipigilia vigingi katika safu mbili kukinga ufa, akaanza kusuka fito kati yao, ndani, nje, ndani, nje, kama anavyosuka uzio wake. Mimi nilimpa fito, Nduku akashindilia majani ya ng'ombe katikati, wengine wakafuata na udongo. Maji yalipungua kasi, yakawa yanachuja tu. Wengine walikwenda kuyageuza ya barabarani. Mvua ilipokatika, lile tuta lilikuwa limesimama, na shemeji alikuwa na tope hadi kwenye ndevu. Wanawake wa mwethya walianza wimbo, na nikasikia jina lake ndani yake, wamelitamka Mbakali. Alicheza. Sijawahi kumwona shemeji yangu akicheza, hata harusini kwake.

Jumanne asubuhi tuliteremka kuangalia. Mto ulikuwa unapita juu ya ukuta kwa utulivu, maji yenye rangi ya chai nyepesi. Hatua chache chini unaingia mkono mwingine, unaotoka upande ambao mlima bado haujakatwa ngazi. Ule ulikuwa mwekundu, mzito, umebeba mabua na mzizi mzima wa mpapai. Shemeji alisimama pale yanapokutana, akayatazama maji hayo mawili yakienda pamoja bila kuchanganyika. Kisha akaomba wenyeji wamwonyeshe tena jinsi ya kupima mtaro ufuate usawa wa mlima, na walimfundisha kwa kamba na chupa ya maji hadi adhuhuri. Jioni yeye aliwafundisha kusuka.

Jumatano tuliagana. "Ni muvea," nilimwambia Nduku, asante kwa Kikamba, akanisahihisha matamshi akicheka. Ndani ya treni, tulipopita Mtito Andei, shemeji alinigeukia.

"Hatua kumi na tano hazitoshi pale kwenye kona," alisema. "Nitaacha ishirini. Lakini uzio wa ukingo nitausuka mimi, nyinyi kina mama hamjui."

Nilimwambia hatujui kweli.

Tulipofika nyumbani aliwaeleza watu habari nzima yeye mwenyewe, na vigingi vya kwanza vilisimama kabla ya mwezi kwisha. Matete yameshika. Lakini lile lililonikaa moyoni ni neno la Nduku kwamba huku chini ni kupokea tu. Miaka yote tulikuwa tukiwalaumu watu wa juu ya mto, wanaolima hadi majini, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika kwao.

Juzi tulikwenda, watu wanane, tukiufuata ukingo kwa miguu. Tulifika saa nne kwenye kijiji cha kwanza, na mzee mwenye shamba lililofika majini alitutazama tukimjia na miche ya matete kichwani. Tukamsalimu, tukajitaja majina, tukamwambia kwamba sisi ndio tunaokunywa maji anayoyaacha. Aliangalia mto.

"Sikujua kama kuna watu huko chini," alisema. Akaenda kuchukua jembe lake.