Nilivyochoma mikono ya Mama Brayo kwa sabuni niliyodhani imeiva

Wakuu, salamu kutoka Njiru. Haya niliyafanya mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu.

Niliacha shule darasa la saba. Leo sabuni yangu ya maji inaosha vyombo kutoka mtaa wa Tassia mpaka Donholm, na nimejenga nyumba ya mawe. Sikubebwa na mtu. Hapo niacheni nijisifu kidogo.

Mke wangu, Mama Terry, amerudi kusoma na miaka yake arobaini na mbili. Anataka cheti cha Form Four. Jioni akitandaza vitabu vya algebra mezani, mimi namchokoza: "Huyo x bado hamjampata? Si mpige ripoti polisi."

Siku moja akanijibu bila kuinua kichwa.

"Kumpata si kazi, Baba Terry. Ukimpata, unamrudisha kwa swali. Pande mbili zikilingana, hilo ni jibu. Zikikataa, ulikuwa unabahatisha."

Nikacheka. Mimi napima kwa jicho na povu, miaka kumi na moja sasa.

Ikaja order ya haraka, ya shule fulani. Kawaida caustic soda, ile kemikali kali inayounguza, naiyeyusha kwanza na maji kwa ndoo ya kando, inapoa mpaka kesho, ndio naimwaga kwa pipa. Siku hiyo niliimwaga kavu, moja kwa moja. Nikakoroga. Juu povu safi, rangi inang'aa. Nikasema imeiva.

Nikachota na jagi kutoka juu, order ikatosha. Mtungi wa mwisho, wa chini kabisa, nikampa Mama Brayo, anayefulia watu nguo Donholm. Nilimpa bure. Kujionyesha tu, ukweli usemwe.

Kesho yake alisimama kwa gate yangu, mikono imefungwa leso. Ngozi ya vidole ilikuwa imetoka.

"Baba Terry, nilikukosea wapi?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikamkimbiza hospitali. Wiki sita asiguse maji, daktari akasema. Na huyu mama anakula kwa hiyo mikono.

Niliporudi, Mama Terry alikuwa ameinamisha pipa. Chini kulikuwa na chenga nyeupe za caustic, zimeganda.

"Kwa chemistry, kitu kikiyeyuka kweli, ukichota juu, katikati, chini, ni kilekile," akasema. "Hii yako juu ni sabuni, chini ni moto."

Asubuhi nikaenda shuleni kuichukua mitungi yote niliyokuwa nimewauzia.

Halafu hizo wiki sita, nguo za wateja wa Mama Brayo nilifua mimi. Ndio, mimi mwenye nyumba ya mawe. Yeye ameketi kwa kigoda, mawatchman wanacheka.

"Kola, Baba Terry. Hiyo kola bado. Na shuka usiikune kama sufuria."

Siku hizi pipa likiwa tayari, kwanza karatasi ya litmus ya kupima ukali, juu mpaka chini. Halafu nachota ile ya chini kabisa na kufulia mashati yangu, kwa mikono yangu. Hapo ndio narudisha jibu kwa swali.

Mama Brayo alipona, isipokuwa kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Nikimwona anaanika nguo, mdomo wangu wa kujisifu unajifunga wenyewe.

Nilichojifunza: kuonekana sawa kwa juu bado si jibu. Mwenzangu wa kupima kwa jicho, mkono wa nani ulilipia kosa lako? Andika hapa chini, nasoma zote.