Swichi Niliyozima Leo Kawempe

Leo nimefundishwa kazi na mtu niliyemfundisha mimi.

Nilienda kusafisha paneli ya umeme ya kinu cha mahindi. Ndani imejaa vumbi la unga.

Nikazima swichi, nikachukua brashi kavu.

Afande Okello, mwanajeshi mstaafu anayeendesha mashine pale, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupima kama umeme umekatika kabla ya kugusa chochote, akanizuia mkono.

"Fundi, umepima?"

"Afande, si nimezima?"

"Sijauliza kama umezima. Pima."

Nikapima, basi tu aniache nifanye kazi.

Taa ya kipimaji ikawaka.

Kumbe nilikuwa nimezima swichi ya mashine nyingine.

Nikaweka brashi chini. Afande hakunicheka hata kidogo. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, akasema taratibu:

"Kaa kwanza, mwalimu."

Mafundi wenzangu, nani mwingine ameshaitwa mwalimu namna hii?