Vitenzi Vyenye Mikia

Tangawizi mbichi ikikatwa, harufu yake haiishii puani. Inaingia kwenye kucha, kwenye kanga, hata kwenye maji ya kunywa, na ukijisahau ukafikicha jicho utakumbuka mara moja ulikuwa umeshika nini. Msimu ninaousimulia ulinuka hivyo mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa darasa la sita, tukiishi Mamba, juu milimani, na kila nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kukaa uani na kukata tangawizi vipande vyembamba vya kuanika. Mama alikata upande wa pili wa mkeka, na katikati yetu kililala kitabu cha Kiingereza, kimekandamizwa kwa jiwe ili upepo usigeuze kurasa. Kitabu chote kilikuwa na madoa ya njano ya vidole vyetu. Mpaka leo nikisikia mtu anazungumzia sarufi ya Kiingereza, pua inaniwasha.

Mama alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne. Masomo mengine alishayapata zamani, lakini Kiingereza kilimwangusha alipokuwa msichana, kikamwangusha tena mimi nikiwa mdogo, na chuo cha uuguzi alichokitaka hakikumpokea bila hicho. Safari hii alisema ni ya mwisho. Akifaulu ataondoka kwenda kukaa chuoni, mbali, upande wa Tanga, na mimi na mdogo wangu Eliamani tutabaki na bibi. Akifeli atabaki na tangawizi yake, na neno uuguzi halitatajwa tena nyumbani kwetu. Baba alikuwa dereva wa malori, kwa hiyo nyumbani alipita tu. Basi mimi nilimsaidia mama kwa moyo wote ili afaulu, na kwa moyo huohuo nikawa naomba asiondoke. Sikuona ajabu yoyote kutaka vyote viwili.

Vilivyomshinda mama vilikuwa vijineno. Kitenzi alikijua, nomino aliijua, ila kile kijineno kinachokaa katikati kilimchanganya. Aliijua "look" kuwa ni kuangalia. Lakini ukiifuatisha na "for", unatafuta. Ukiifuatisha na "into", unachunguza. Ukiifuatisha na "down on", unamdharau mtu. Mama akaviita mikia. Alisema ng'ombe ni yuleyule, ila Mzungu akimbadilishia mkia anamwita mbuzi. Yeye vilimkera, mimi vilinivutia mno, nikawa navitafuta kitabuni hata kabla hajaniuliza. Ndipo nikaanza kuona kwamba na sisi tunayo mikia, ila tumeishonea ndani. Mtu anakimbia, na akimkimbilia mwenzake ni jambo jingine, na akimkimbiza ni jingine kabisa, na yote hayo yamo tumboni mwa kitenzi, hakuna kinachoning'inia nje. Kipare cha bibi kilifanya vivyo hivyo. Nilimweleza bibi ugunduzi wangu kwa furaha kubwa, akaniuliza kama Kizungu hicho kitaosha vyombo.

Siku za zamu yetu ya maji tulikwenda na kitabu mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji linalogawa maji mashambani. Pale ndipo tulipoisoma "turn", kwa sababu mama alitaka kuisoma akiwa na jembe mkononi. Alizibua mfereji akasema "turn on", akauziba kwa udongo akasema "turn off", na maji yakamtii. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu zao walimsikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Mmoja wao, Mama Eliudi, jirani yetu, alichungulia kitabuni akauliza yale maneno "put up with" yana maana gani.

"Kuvumilia," mama akamjibu.

"Yote matatu?"

"Yote matatu."

"Basi wenzetu wanavumilia kwa shida," Mama Eliudi akasema, na tukacheka mpaka maji yakapita kwenye shamba la mtu mwingine.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Kulikuwa na mwalimu kijana aliyewafundisha watu wazima mwisho wa wiki, naye aliwapa sentensi ya kujaza pengo: bibi "looks" watoto, katikati weka neno. Mama akaweka "at". Mwalimu akampiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Mama alirudi amekasirika kwelikweli, akaketi kwenye mkeka bila hata kubadili nguo za kutokea.

"Namkunda, mtu akikuachia mwanawe anakwambiaje?"

"Niangalizie mtoto."

"Na mimi nimewaangalia nyinyi tangu mzaliwe. Leo naambiwa nimekosa."

Jibu lilikuwa "after", na hatukuelewa limetoka wapi. Tuliijua "after" kuwa ni baada, au nyuma. Kuangalia nyuma kunageukaje kuwa kutunza? Tulilizungusha swali hilo huku visu vikienda, na mwishowe mimi nikadhani nimelipata. Nikamwambia labda ni kumtazama mtu anayekwenda zake. Yeye yuko mbele anatembea, wewe umebaki nyuma umesimama, unamtazama mpaka apotee. Mama akaacha kukata.

"Na akishapotea utamtunzaje?"

Alinitazama kidogo, akachukua tangawizi nyingine, akasema huenda nimesema kweli, ila yeye hataiandika hiyo kwenye mtihani.

Akafaulu. Matokeo yalipobandikwa, bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani tuna arusi, na mimi nilipiga pamoja naye. Halafu nikaenda nyuma ya banda la kuku nikalia. Nililia kwa kuwa ombi langu moja lilikuwa limekubaliwa na lingine limekataliwa, na niliona wazi kwamba ni mimi niliyeyapeleka pamoja.

Aliondoka asubuhi moja kwa pikapu iliyokuwa ikishusha magunia ya tangawizi Same. Mbele palijaa, akapanda nyuma juu ya magunia, sanduku lake miguuni. Nilikuwa nimembeba Eliamani mgongoni. Gari lilipoanza kunguruma mama aliinama kuelekea kwangu akasema, "Namkunda, look after," na neno lililofuata likamezwa na injini. Nilibaki na kitenzi na mkia wake, nomino sikuipata. Nilisimama palepale mpaka pikapu ikapotea kwenye kona, na hata ilipopotea sikuondoka mara moja. Miaka yote aliyokuwa chuoni niliijaza nomino hiyo mwenyewe. Nilidhani alisema Eliamani, nikamwogesha mpaka akawa ananikimbia. Nikadhani alisema bibi. Wakati mwingine nikadhani alisema tangawizi, na mvua ikitishia nilikuwa wa kwanza kukimbilia mikeka.

Siku hizi ninaishi Same mjini, na binti yangu yuko darasa la sita kama nilivyokuwa. Akikutana na kitenzi chenye mkia, hata "look after", anaiuliza simu, na kabla sijafungua mdomo simu imeshamwambia ni kutunza. Siilaumu simu. Mama angekuwa nayo, pengine angevaa sare ya uuguzi miaka mingi kabla. Ila binti yangu hajawahi kuuliza kwa nini iwe nyuma, na hilo linanisikitisha kuliko ninavyomwonyesha.

Mama amestaafu baada ya miaka mingi wodini kule Gonja, amerudi Mamba, na magoti yanamsumbua. Likizo iliyopita nilimuuliza ile asubuhi alisema nini. Nilitegemea atakuwa amesahau.

"Nilisema 'me'," akajibu.

Nikamwambia Kiingereza chake kilikuwa kimepinda, mama hamwombi mtoto amtunze.

"Sikutumia cha mwalimu, nilitumia chako. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilitaka unitazame mpaka kona."

Kisha akasimama, akaikataa fimbo, akaukataa na mkono wangu, akasema anakwenda kuona kama maji yamefika kwenye tangawizi. Nilibaki mlangoni nikimtazama akishuka polepole kati ya migomba. Alipokaribia kupotea, nilivua viatu vyangu vya mjini nikamfuata nyuma.