Ukurasa wa Kwanza wa Faili la Kitinda

Pale masjala ya hospitali wenzake walimwita Kabati, na jina hilo hakulichukia. Maana yake ilikuwa kwamba linaloingia kwake halitoki. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akipanga mafaili na kuchapa barua za wagonjwa wa idara ya figo, na hakuna jirani aliyewahi kusikia kutoka kwake kwamba fulani anaumwa nini. Shemeji zake walimtania, wakisema ukimwuliza hata saa, anakudai kitambulisho kwanza. Alicheka nao, lakini moyoni alijivunia. Alikuwa mwanamke asiye na cheo wala elimu ya kutisha mtu. Alichokuwa nacho ni mdomo uliofungwa.

Kisha figo za dada yake zikaacha kufanya kazi.

Dada Mkubwa, kama walivyomwita nyumbani, ndiye aliyewalea yeye na mdogo wao wa mwisho, Kitinda, baada ya baba kufariki na mama kuanza kushinda kwenye nyumba za watu akifua. Sasa mlezi huyo alikuwa mtu wa Jumanne na Ijumaa: saa nne asubuhi anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, saa nane anatolewa, na akifika nyumbani hana nguvu hata ya kufungua vifungo vya blauzi yake. Daktari bingwa alisema akipata figo ya ndugu ataachana na mashine. Mama alikuwa mzee. Kabati mwenyewe alikuwa na kisukari. Akabaki Kitinda, fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume wa miaka thelathini na mbili asiyejua homa ina ladha gani.

Kitinda alipimwa mwezi mzima. Siku ya majibu daktari aliwaita wote ofisini, akawaambia kwa upole kwamba wameona mdogo wao hafai kutoa. Hakueleza zaidi. Mama alilia, Kabati alilia, na Kitinda alilia kuwapita wote, mpaka mgonjwa mwenyewe akawa ndiye wa kumbembeleza. Tangu hapo Kitinda akajitwika kazi ya kumpeleka dada yake kwenye mashine. Kila Jumanne na Ijumaa kigari chake cha kubebea vyuma kilisimama mlangoni, kiti cha mbele kimewekewa mto. Watu wa mtaani wakasema mama yule amezaa.

Kwa utaratibu wa masjala, mfanyakazi hagusi faili la ndugu yake. Mafaili ya Dada Mkubwa na Kitinda yalikuwa kwa mwenzake wa meza ya pili. Lakini mwenzake huyo alifiwa, akachukua likizo ya wiki moja, na rundo lake likahamishiwa kwa Kabati bila mtu kulichambua. Katikati ya rundo akaona jina la mdogo wake. Alipaswa kuliweka pembeni na kumwita mkuu wa masjala. Alilishika kwa nia hiyo hasa. Ila halikufunguka lenyewe, ingawa baadaye alijaribu sana kujiaminisha hivyo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu. Vipimo vyote vinaoana. Mtoaji ameamua kutotoa. Ameomba ndugu wasielezwe. Chini yake paliandikwa kwamba maelezo yako ukurasa wa pili. Kabati alilifunga faili, akajisifu kwamba angalau hakuendelea kuchungulia mambo ya mtu.

Alikaa na jambo hilo siku kumi na moja. Alikula nalo na kuoga nalo. Kila alipomwona Kitinda akimshika dada yao kiuno kumshusha garini, taratibu kama anashusha kioo, aligeuza uso. Alitaka kumwuliza uso kwa uso, akakumbuka kwamba kumwuliza kutamaanisha kukiri amesoma. Basi akawa anamjibu kwa mkato, na mdogo mtu akawa anamwuliza kama anaumwa.

Alasiri moja alikuwa kwa mama wakikunja nguo. Mama akaanza kumsifu Kitinda, jambo ambalo siku hizo halikumwisha mdomoni. Akaendelea mpaka akafika kwa Kabati: mwenzako hana siku ya kupumzika, na wewe unayefanya kazi humohumo hospitalini hata kumsindikiza dada yako huwezi. Kabati aliweka chini shuka alilokuwa ameshika.

"Mama, figo yake inafaa," alisema. "Alikataa mwenyewe."

Hata kabla mama hajageuza shingo, Kabati alijua amefanya nini. Akamwomba asimwambie mtu, akamshika mikono, akamwapisha. Mama aliitikia kwa kichwa. Jumapili yake mjomba aliitwa, na watoto wote watatu wakaketishwa sebuleni.

Kitinda hakukana. Aliuliza kitu kimoja tu, nani kawaambia, na macho ya mama yakamponyoka kumwelekea Kabati. Kitinda alimtazama kitambo, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Halafu akaeleza.

Alikuwa na miaka tisa baba alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Mama alikuwa safarini, dada zake wako shule, na baba alimwachia viatu vyake avishike mpaka atoke, akimwahidi kwamba chakula cha mchana watakula pamoja. Alikaa navyo kwenye benchi mpaka muuguzi alipokuja kumwambia aende navyo nyumbani.

"Fomu nilisaini mara mbili," alisema. "Mara mbili walinipeleka nikakione chumba cha upasuaji, nikaishia mlangoni. Miguu inakataa. Daktari akaniambia basi, hakuna haja ya mtu kujua."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye ukurasa wa pili. Kabati alitamani sakafu immeze. Alikuwa amesoma kiasi cha kutosha kumhukumu ndugu yake, akaishia hapo, na akajiita mwadilifu.

Mjomba alikohoa, akaanza maneno yake ya wanaume na ujasiri. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba baba alikufa zamani na huyu yu hai. Kitinda alishikilia magoti yake, jasho linamtoka, mwishowe akasema haya, atatoa. Ndipo Dada Mkubwa, aliyekuwa amejiegemeza kwenye kochi kama amelala, alipofumbua macho.

"Sitaichukua," alisema. "Kaa na figo yako, baba. Nendeni mkapumzike."

Jumatatu Kabati alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa masjala, akasema yote bila kuulizwa. Daktari bingwa naye aliitwa. Hakumfokea, alimweleza tu kwamba mtu akijua ndugu zake watajua, hawezi tena kusema hapana, na ndiyo sababu idara nzima huwa inanyamaza. Kabati angeona nafuu lau angefokewa. Alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya mashuka, ambako hakuna kilichoandikwa isipokuwa idadi. Masjala hawakumwita tena Kabati. Wakawa wanamwita "dada", kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma.

Kitinda akaacha kuja. Kabati akaomba ruhusa stoo ili ampeleke yeye dada yao. Siku moja kwenye teksi alijaribu kuomba msamaha, akieleza kwamba alifanya vile kwa uchungu, kwa kumpenda.

Dada Mkubwa aliangalia dirishani. "Figo sikuwa nayo," alisema. "Ila nilikuwa na ndugu wa kunishika mkono. Sasa anaona haya hata kunipigia simu."

Wiki hiyohiyo Kabati alikwenda karakana. Alimkuta Kitinda amevaa miwani yake ya kuchomelea, akasimama mbali na cheche, akasema aliyokuja kusema. Kitinda hakuivua miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Nimekusikia, dada," akaendelea na geti lake.

Baada ya miezi minne kigari kilianza kuonekana tena, siku za Ijumaa tu. Kama Kabati hayupo, Kitinda huingia ndani, hunywa maji na kumchekesha dada yake. Kama yupo, hubaki garini na kupiga honi mara moja. Dada Mkubwa hujikongoja peke yake mpaka mlangoni, na Kabati husimama nyuma ya pazia, akimtazama mdogo wake akishuka mbio kumpokea.