Mkwe Hashikwi Mkono

Nabwile hakuwahi kumwomba Mungu amletee gofu. Kwa miaka sita alikuwa amefundisha michezo katika shule moja ya msingi kule Kabuchai, akiajiriwa muhula kwa muhula, na kandanda ilimtosha. Kisha mfadhili akaleta fimbo za gofu, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba nafasi moja ya ajira ya kudumu atapewa atakayeweza kuwaonyesha watoto namna ya kupiga. Mtihani ungekuwa Jumamosi: mipira mitatu, na angalau mmoja unyooke hadi kwenye goli la mbali la uwanja wa kandanda. Nabwile alihesabu siku zilizobaki, zikawa tano.

Mjuzi wa gofu alikuwepo, tena wa karibu mno. Mzee Makokha, baba wa mumewe, alianza kwa kuwabebea wachezaji mikoba katika klabu moja ya Kitale, na sasa ndiye aliyewafundisha madaktari na wenye maduka. Ila kwao Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia majanini kumpisha mwenziwe. Sasa mwambie mtu kama huyo akufundishe mchezo ambao mwalimu hukupanga vidole, akakuinamisha, akakugeuza kiuno. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame mbele ya mkwewe.

"Si umuulize tu," Wakhungu, mumewe, alimwambia. "Kwani atakukula?"

Basi akaenda kukaa kwa wakwe zake mtaani Tuwan, mjini Kitale, na Jumanne asubuhi akajikuta kwenye nyasi za klabu, fimbo mkononi, sketi ndefu ikimfunga magoti. Mzee alisimama hatua ishirini kutoka kwake, uso ameuelekeza kwenye ua wa michongoma.

"Mama Kizito," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake, "mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Kidole kidogo cha kulia kiingie katikati ya vile vidole vya ule mwingine."

"Hiki, Baba?"

"Hicho."

Alisema hicho bila kugeuka, na Nabwile aliona aibu kumwambia kwamba mzee mwenyewe hajakiona kidole. Akashika alivyojua kushika, kama mtu anayeshika jembe, mikono imeachana. Mpira ukachepuka kulia, ukajificha kwenye ua. Wa pili ukaufuata.

Gurdev, mwenye duka la vyuma mjini na mwanafunzi wa zamani wa mzee, alikuwa akitazama kutoka kwenye benchi. "Makokha, mshike mikono bana. Mimi si ulinishika mpaka vidole ikauma?"

Mzee alikohoa tu, akaendelea kuufundisha ua.

Kufikia Jumatano jioni viganja vya Nabwile vilikuwa na malengelenge, na hakuna mpira hata mmoja ulionyooka. Aliogopa. Aliogopa kurudi Kabuchai na kuchekwa, akaogopa zaidi muhula utakaokuja bila mshahara. Na aliona kwamba mzee naye anaogopa, kwa sababu chakula cha jioni alikiacha nusu.

Alhamisi mzee alikuja klabuni na mkewe. Mama Roselyne alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Hakuwahi kukanyaga nyasi zile tangu aolewe. Makokha alimpa fimbo, akasimama nyuma yake, akamzungushia mikono mbele ya wachezaji wote, akaanza kumpanga vidole kimoja kimoja. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akarudi nyuma hatua ishirini, akageukia ua wake.

Mama Roselyne alimwendea mkaza mwanawe polepole, vidole vyake vikiwa bado vimejipanga, asije akasahau njiani. Akaweka viganja vyake juu ya viganja vya Nabwile, akavisogeza, akakiingiza kidole kidogo mahali pake. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

"Mama, uko sawa?"

"Miaka thelathini na nane," alinong'ona. "Hajawahi kunishika mkono mbele ya watu."

Walifanya vivyo hivyo kwa mabega, kisha kiuno.

Jumamosi, mbele ya wazazi na mfadhili, mpira wa kwanza wa Nabwile ulichepuka kulia. Wa pili ulibiringika hatua kumi ukafa. Mwalimu mkuu akaangalia saa. Nabwile hakukumbuka hata neno moja katika yale yote aliyoambiwa siku zile. Akafumba macho. Ndipo akavihisi viganja vya Mama Roselyne juu ya vyake, vikitetemeka, na juu ya hivyo, viganja vingine, vigumu na vyenye subira, ambavyo hakuwahi kuvigusa wala hatavigusa maisha yake yote. Kidole kidogo kikaingia mahali pake.

Akafumbua macho, akapiga. Mpira ulinyooka hadi golini, na mwalimu mkuu akamwambia Jumatatu alete vyeti.