Nishushie Mwanangu

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Naendesha bodaboda kati ya Bunda na Nyamuswa. Usiku mmoja nikirudi bila abiria, komba alikatiza barabara nikamgonga. Sikusimama. Madereva wa huku tumezoea hivyo: ukigonga mnyama usiku, vuta mafuta, huenda wezi wanakungoja gizani. Nikafika nyumbani, nikala, nikalala.

Usiku uliofuata, kwenye kona ile ile, taa ilimmulika mama mmoja mfupi, ameketi kando ya barabara, ameshika mguu. Nikasimama nikijua nimepata abiria.

"Kaka, mguu umevunjika, siwezi kupanda," akasema. "Nishushie mwanangu."

Akaonyesha mti. Huko juu kitu kililia, sauti nyembamba ya kichanga. Niamini, nilicheka.

"Mama, huyo si mtoto, ni komba tu. Nilikuwaga nawawinda utotoni, nawajua."

"Ndiyo," akasema. "Ni wangu. Hajanyonya tangu jana."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, kinanuka mkojo. Unajua komba hujikojolea mikono ili ashike matawi vizuri? Mimi nilijua. Na yale macho makubwa, yalivyowaka kwenye taa! Nikamsukuma akaanguka, nikaondoa pikipiki. Nyuma yangu kilio kiliendelea.

Asubuhi nilirudi. Mama yule hakuwepo. Nyasini alilala komba niliyemgonga, mguu umepondeka, siafu wameshamjaa. Nikapanda mti. Kwenye panda ya matawi, mahali komba huacha mtoto anapokwenda kutafuta utomvu na wadudu, nilimkuta mwanawe, hafikii hata ngumi yangu, amekufa akiwa amelishika tawi. Mwili ulikuwa bado laini. Kumbe ule ulikuwa mti wa kupanda kwa dakika mbili tu.

Mke wangu nimemsimulia yote, isipokuwa pale nilipomsukuma yule mama. Hapo naona aibu mpaka leo. Sasa binti yetu mchanga akilia usiku, mimi ndiye wa kwanza kuamka, na mke wangu hunisifu kwa majirani kwamba nina upendo. Nainamisha kichwa.

Wewe unayepita barabara ile, ukigonga kitu, simama ushuke. Usingoje kuombwa. Mimi niliombwa, tena kwa adabu, mtoto akiwa bado hai.